Mtoto hasinzii mpaka abebwe: dalili, chanzo na la kufanya

Malalamiko ya wazazi wa Goma kuhusu usingizi wa watoto yanafanana, iwe Birere, Ndosho au Himbi. Mtoto analala fofofo mgongoni, lakini ukifungua kikwembe na kumlaza, macho yanafunguka. Mtoto hasinzii bila titi mdomoni. Mtoto anaamka kila saa mpaka mama anafika sokoni Virunga akiyumba. Kila lalamiko lina vyanzo vyake: vingi ni vya kawaida na vinarekebishika nyumbani, vichache ni vya hatari. Humu vimepangwa kwa dalili, kinachotokea mara nyingi kikitangulia. Tafuta dalili ya mtoto wako, lakini usiruke sehemu inayofuata hapa, maana ndiyo inayorukwa na wengi.

Jambo moja lieleweke mapema. Kusinzia mwenyewe si kulala peke yake chumbani. Nyumba nyingi za mbao hapa zina chumba kimoja au viwili, na mtoto analala karibu na mama. Hilo si kosa, wala si chanzo cha tatizo. Kumbeba mgongoni mchana pia si kumharibu. Kinachofundishwa ni kitu kidogo: mtoto alazwe akiwa amechoka lakini yuko macho, na usingizi umchukue pale pale alipolala. Anaweza kujifunza hilo akiwa nusu mita tu kutoka kwa mama yake.

KABLA YA KULAUMU MAZOEA

Umri. Chini ya miezi 3 hakuna kilichoharibika. Mtoto wa umri huo analala saa 14 hadi 17 kwa siku nzima, vipande vipande, na ananyonya mara 8 hadi 12. Mwili wake bado haujui usiku ni nini. Utaratibu huo hujipanga kati ya miezi 2 na 4. Mbebe, mnyonyeshe, mlaze. Mazoezi mepesi ya kumlaza akiwa macho yanaweza kuanza kwenye miezi 4, na kazi ya usiku yenyewe ingoje miezi 6. Aliyezaliwa kabla ya wakati ahesabiwe kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa: kama alitangulia miezi 2, akiwa na miezi 6 mchukulie kuwa na miezi 4.

Uzito. Fungua fishi ya kilo. Mstari ukipanda, endelea kusoma. Ukilala au kushuka, usipunguze hata nyonyo moja ya usiku. Njaa ndiyo inayomwamsha na iko sahihi kumwamsha. Kwa mtoto wa miezi 6 na zaidi, utepe wa kupima mkono ukionyesha chini ya sentimeta 12.5, mpeleke kituo cha afya kwa ajili ya lishe. Chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali, hakuna kungoja.

Mwili. Mvue nguo zote mchana kwenye mwanga. Tazama kati ya vidole, kwapani, nyayo na kiganja: vipele vidogo vinavyowasha zaidi usiku ni upele, na ukimpata mmoja nyumbani wote wanatibiwa siku moja, nguo na matandiko yakifuliwa kwa maji ya moto. Tazama ulimi na ndani ya mashavu: utando mweupe usiotoka kwa kufutwa unaleta maumivu ya kunyonya. Tazama kila kidole cha mguu. Unywele wa mama au uzi wa soksi unaweza kujizungusha kwenye kidole ukakikaza mpaka kivimbe, na mtoto atalia usiku kucha bila mtu kujua kwa nini. Ukishindwa kuutoa mara moja, nenda kituo cha afya usiku huo huo.

Mahali. Mtoto alale chali kila usingizi, juu ya godoro gumu lisilobonyea, bila mto, bila nguo za kujazia pembeni, chini ya chandarua kilichochomekwa chini ya godoro pande zote. Akilala kitanda cha wazazi, alale upande wa mama, si katikati ya wakubwa wawili, si jirani na kaka yake wa miaka 3, na si kwenye nafasi kati ya godoro na ukuta. Asilale kitanda kimoja na mtu aliyekunywa pombe, anayevuta sigara au aliyemeza dawa ya kusinzisha, wala asilale hivyo kama alizaliwa chini ya kilo 2.5 au kabla ya wiki 37. Fotei (kiti chenye mito) ndiyo mbaya kuliko zote: mama anasinzia akinyonyesha, mtoto anateleza kati ya mwili na mto wa fotei.

Hewa. Mbabula (jiko) yenye makala (makaa) isiingie chumba cha kulala, hata makala ikiwa nyekundu na haitoi moshi. Gesi yake haina harufu wala rangi, na inaua familia nzima katika usingizi. Goma ni baridi usiku, mji uko mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kishawishi kipo. Pasha chumba joto jioni kwa kufunga madirisha jua likiwa linazama, mvishe mtoto, mbabula ibaki nje. Na kwa wanaoishi sehemu za mabondeni zinazojulikana kuwa na mazuku (gesi ya volkano inayotoka ardhini), upande wa Mugunga na Bulengo hasa: gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inajikusanya chini, zaidi usiku na alfajiri isiyo na upepo. Mtoto aliyelazwa kwenye mkeka sakafuni ndiye wa kwanza kuivuta. Mwinue umlaze kitandani, na kama wanyama wadogo hufa bila sababu kwenye kiwanja chenu, msilale hapo.

Baada ya hayo ndipo tuzungumzie mazoea.

"AKIWEKWA CHINI TU, ANAAMKA"

Chanzo cha kwanza: ameshushwa usingizi ukiwa bado mwepesi. Mtoto wa chini ya miezi 3 au 4 huanzia kwenye usingizi mwepesi: kope zinachezacheza, mdomo unanyonya hewa, pumzi hazilingani. Huchukua kama dakika 20. Kipimo ni hiki: inua mkono wake kidogo uuachie. Ukianguka kama kitambaa kilicholowa, usingizi umezama, mshushe. Ukijikunja kurudi kifuani, ngoja.

Chanzo cha pili ni namna ya kushusha. Kichwa kikitangulia, mtoto anahisi anaanguka, mikono inatawanyika, anajishtua mwenyewe. Mshtuko huo amezaliwa nao na hupotea polepole kufikia miezi 4 hadi 6. Inama mpaka kifua chako kimguse bado, miguu yake iguse godoro kwanza, kisha makalio, kisha mgongo, kichwa kiwe cha mwisho. Acha kiganja kifuani mwake dakika moja au mbili, bila kupigapiga. Halafu ondoa kidole kimoja kimoja. Inaonekana ni upuuzi mpaka uione ikifanya kazi.

Cha tatu, shuka baridi. Ametoka kwenye mgongo wenye joto akaangukia kitambaa cha baridi. Tandika kikwembe ulichokuwa umejifunga, chenye joto na harufu yako, ukikaze na kukichomeka chini ya godoro ili kisije kikamfunika uso. Chupa ya maji ya moto isiachwe kitandani na mtoto.

Akiwa na zaidi ya miezi 4 na mambo hayo matatu hayasaidii, tatizo si kushushwa. Ni kwamba amesinzia mahali pamoja na kuamkia pengine. Soma sehemu inayofuata.

"BILA TITI HASINZII"

Hili ndilo lalamiko kubwa, na likieleweka mengine mengi yanajieleza.

Usingizi wa mtoto mchanga haunyooki usiku kucha. Unakwenda kwa mizunguko ya dakika 50 hivi, na mwisho wa kila mzunguko anaelea juu karibu na kuamka. Mtu mzima naye huelea: anageuza mto, anarudi, asubuhi hakumbuki. Mtoto akielea anakagua kama kila kitu kiko kama alivyokiacha. Alisinzia na titi mdomoni, sasa halipo. Alisinzia akitikiswa, sasa kimya. Anaita. Hana njaa wala hadeki, anaomba tu arudishiwe hali ile aliyosinzia nayo. Kwa hiyo usiku wa manane unatengenezwa jioni, kwenye dakika 10 za mwisho kabla ya macho kufumba.

Ukaguzi rahisi: sikiliza anavyonyonya akiamka usiku. Akimeza kwa mpangilio dakika kadhaa, unasikia "kh, kh" ya kumeza, ni njaa. Akivuta mara tano sita, akaacha, akabaki na chuchu mdomoni macho yamefumba, anatumia titi kama mto wa kulalia. Mpaka miezi 6 jibu la yote mawili ni kunyonyesha, na maziwa ya mama peke yake yanamtosha. Baada ya hapo, kama kilo zinapanda, la pili linaweza kubadilishwa.

Kazi ya kwanza ni kuhamisha titi, si kuliondoa. Panga jioni iwe na mfuatano mmoja, dakika 20 hadi 30, kila siku vile vile: titi likiwa la kwanza na taa ikiwaka, kisha kumfuta kwa maji ya vuguvugu, nguo ya kulalia, wimbo mmoja ule ule, kitandani. Nyonyo ikiwa mwanzoni, hawezi kusinzia nayo. Akianza kufumba macho titini, mguse nyayo, mbadilishe nepi, mwamshe kidogo. Wengi huishindwa hatua hii kwa huruma: amechoka, wacha alale. Saa tano baadaye huruma hiyo inalipwa.

Kazi ya pili ni kukaa karibu. Kwa nyumba ya chumba kimoja, yenye majirani nyuma ya ubao, njia ya kumwacha mtoto alie peke yake haifai, na hailazimiki. Ifaayo ni ya kupunguza msaada kidogo kidogo:

Usiku wa 1 hadi 3: mlaze akiwa macho. Kiganja kifuani, wimbo kwa sauti ya chini. Akilia kwa nguvu mwinue, atulie, mrudishe kabla hajasinzia. Usiku wa kwanza unaweza kumwinua mara 15 au 20. Ni kawaida.

Usiku wa 4 hadi 6: kiganja kiguse mpaka atulie, kisha kiondoke kabla usingizi haujamchukua. Wimbo uendelee.

Usiku wa 7 hadi 9: uko kando yake, humgusi. Sauti tu.

Baada ya hapo: lala au kaa mwendo wa mkono mmoja, kimya, ukimpa mgongo. Akiguna, hesabu mpaka 60 kabla ya kufanya lolote. Watoto huguna, hugeuka, hata hulia sekunde kadhaa wakiwa usingizini, na anayekimbilia kumwinua ndiye anayemwamsha.

Akiwa na baba, yaya (ndugu) wake mkubwa au koko (bibi au babu) anayeweza kushika zamu, huyo ndiye amlaze siku tatu za kwanza. Mama ananuka maziwa, na mtoto hawezi kulazwa na maziwa bila kuyadai. Lakini walioshika zamu wakubaliane kwanza. Baba akifanya hatua hizi Jumatatu na koko akimtembeza kibarazani Jumanne mpaka asinzie, mtoto anajifunza kitu kimoja tu: akilia kwa muda mrefu zaidi, atabebwa. Koko asionywe kama mkosaji. Aelezwe, na apewe kazi ya kumbeba mchana, ambako mkono wake unahitajika.

Tarajia wiki moja hadi mbili. Usiku wa tatu au wa nne mara nyingi huwa mbaya kuliko wa kwanza, na hapo ndipo wengi huacha. Wanaohofia kwamba mtoto ataumia moyoni: huko Melbourne, Australia, watoto waliofundishwa kwa njia za taratibu wakiwa na miezi 7 hadi 8 walifuatiliwa mpaka umri wa miaka 6, na matokeo yaliyochapishwa 2012 hayakuonyesha tofauti kati yao na wengine katika hisia, tabia wala uhusiano na wazazi.

"ANAAMKA KILA SAA MOJA"

Kama anasinzia kwa titi au kwa kutikiswa, jibu ni hilo la juu. Kama anasinzia mwenyewe na bado anaamka, fuata mpangilio huu.

Joto limezidi. Watu hushangaa, kwa sababu hofu ya wote ni baridi. Mtoto ana kofia ya sufu, soksi, suti mbili na bulangeti zito juu. Usimpime mikononi, mikono ya mtoto huwa ya baridi hata akiwa na joto la kutosha. Ingiza vidole viwili nyuma ya shingo. Pakiwa na jasho, punguza nguo moja. Pakiwa pa baridi, ongeza moja. Avae tabaka moja tu zaidi kuliko wewe, kofia ivuliwe ndani ya nyumba, na bulangeti lisipite kifuani.

Umeme. Ulikatika saa moja ya jioni (19h00), swichi zikabaki zimewashwa, redio pia. Unarudi saa sita ya usiku na taa inawaka juu ya uso wa mtoto. Zima swichi zote kabla ya kulala. Kwa kazi za usiku tumia tochi ndogo iliyogeuzwa ukutani.

Kelele. Mvua juu ya mabati haimwamshi, kwa sababu hailegei wala haipandi ghafla. Kinachomwamsha ni motari anayepiga honi, mlango, kicheko. Huwezi kuzuia mtaa wala mkesha wa jirani. Sauti ya kudumu, ya chini, iliyo mita 2 kutoka kichwani inafunika zile za ghafla; redio iliyo kati ya stesheni mbili inatosha.

Mbu, viroboto au kunguni. Alama nyekundu asubuhi zitakuambia. Usipulize dawa ya wadudu chumbani akiwa ndani.

Chakula cha mchana hakitoshi. Kuanzia miezi 6 uji mwepesi unaotiririka kama maji haushibishi. Uwe mzito wa kushika kijiko, wenye soya, mafuta kijiko kimoja, au sambaza (samaki wadogo) zilizokaushwa na kusagwa. Mara 2 hadi 3 kwa siku akiwa na miezi 6 hadi 8, mara 3 hadi 4 baada ya hapo, na titi liendelee. Mtoto anayeshughulika sana mchana hunyonya haraka haraka na kulipia usiku. Mnyonyeshe mara moja au mbili mchana kwenye chumba tulivu.

Ikiwa yote yamekaa sawa, na usiku wake umejaa kujinyonganyonga, na viganja na ndani ya kope za chini ni vyeupe, huenda damu imepungua. Apimwe. Usinunue sharubati ya chuma barabarani.

"SAA NNE YA USIKU BADO ANACHEZA"

Mara nyingi amechoka kupita kiasi. Mtoto aliyepitiliza saa yake haonekani kuchoka, anaonekana amepewa nguvu mpya: anacheka kwa sauti, anajirusha, kisha analia kwa hasira. Muda anaoweza kukaa macho ni huu, kwa makadirio: miezi 4 hadi 5, saa 1.5 hadi 2.5, miezi 6 hadi 8, saa 2 hadi 3, miezi 9 hadi 12, saa 3 hadi 4. Hesabu kutoka alipoamka mara ya mwisho. Dalili za kumshika wakati unaofaa ni ndogo: nyusi zinakuwa nyekundu, anatazama mbali, anavuta sikio, michezo yake inapungua kasi. Kupiga miayo mara nyingi ni dalili iliyochelewa.

Sababu nyingine ni usingizi wa jioni mgongoni. Mama anarudi kutoka sokoni saa kumi na moja (17h00), mtoto analala njiani mpaka saa moja ya jioni. Huo umekuwa usiku wake wa kwanza. Baada ya miezi 6, jaribu asilale tena ikibaki chini ya saa 2.5 kabla ya saa yake ya usiku. Ikishindikana, mwamshe baada ya dakika 20, usigombane na kikwembe.

Hapa jua huzama karibu saa kumi na mbili ya jioni mwaka mzima, na hiyo ni bahati kwa anayelea. Tumia giza hilo: taa ipungue saa moja, simu isimulike usoni mwake, akilazwa kati ya saa moja na saa mbili (19h00 hadi 20h00).

"ANALIA AKILAZWA CHALI, AKIINULIWA ANANYAMAZA"

Usianze mafunzo hapa. Tafuta maumivu kwanza.

Kwa wenye wiki 2 hadi miezi 3 au 4, mtoto mzima kabisa anaweza kulia zaidi ya saa 3 jioni, magoti yakikunjwa, akizidi kwenye wiki ya 6 na kuacha mwenyewe. Mbebe wima, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako akiwa macho, mpigepige mgongoni hewa itoke baada ya kunyonya. Usimpe maji ya majani, wala usimwingizie dawa kwa njia ya haja kubwa. Watoto wa umri huo huumia utumbo, hupungukiwa maji, na wengine hufa.

Kucheua ni kawaida kama anaongezeka kilo. Mweke wima dakika 20 hadi 30 baada ya kunyonya. Bado alale chali, usimgeuze kifudifudi na usimwinulie kichwa kwa mto.

Mwenye mafua aliyeanza ghafla kulia kila akilazwa, akivuta sikio, na joto juu: sikio. Huyo anahitaji kuonwa na muuguzi, si matone ya mafuta ya moto.

"ALIKUWA ANALALA, SASA AMEHARIBIKA"

Kwenye miezi 4 usingizi wenyewe unabadilika umbo na kuanza mizunguko iliyo kama ya mtu mzima. Ndipo mazoea ya kusinzia yanapoanza kuonekana. Kwenye miezi 8 hadi 10 anajifunza kutambaa na kusimama, anajua mama akitoka hayupo, na anasimama ndani ya chandarua akilia kwa sababu hajui kukaa chini tena. Mfundishe kukaa mchana, mara kumi kumi, kama mchezo. Meno husumbua siku chache kila jino linapotoka, hayaleti joto la 39 wala kuharisha kukali. Yakionekana hayo, ni ugonjwa uliokutana na jino.

Akiwa mgonjwa, mafunzo yasimame kabisa. Mbebe na mnyonyeshe kila anapotaka. Akipona usiku 2 mfululizo, rudi kwenye hatua ya kwanza; safari hii huchukua siku 3 au 4 tu. Hata baada ya safari ya Bukavu kwa mashua, au wageni wa msiba waliojaza nyumba, ni hivyo hivyo.

"ANAAMKA SAA KUMI YA ALFAJIRI NA HARUDI"

Mara nyingi ni baridi: saa hizo ndizo zenye baridi kuliko zote. Pima shingo, ongeza tabaka moja kabla wewe mwenyewe hujalala. Kisha mwanga kupitia nafasi za ubao, zibwe kwa kitambaa kizito. Kisha jogoo na adhana, ambavyo atavizoea. Mara chache ni kwamba amelala mapema mno.

DAWA YA KULALIA: HAPANA

Sharubati za mafua na mzio zenye prometazini zinauzwa madukani bila kuulizwa, na wengine hushauri kijiko nusu. Kwa mtoto wa chini ya miaka 2 dawa hiyo inaweza kusimamisha pumzi. Pombe kwenye fizi, hapana. Asali chini ya mwaka 1, hapana. Inaweza kubeba vijidudu vinavyopooza misuli. Chupa ya maziwa kitandani inapalia na kuozesha meno.

ACHA KILA KITU, NENDA

Mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata usiku, ukiona moja tu kati ya haya: hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, analegea na haamki vizuri, utosi umevimba akiwa ametulia, kifua kinabonyea chini ya mbavu akivuta pumzi, pumzi ni 60 au zaidi kwa dakika akiwa chini ya miezi 2, 50 au zaidi akiwa na miezi 2 mpaka 11. Hesabu dakika nzima kwa saa, akiwa ametulia. Joto la 37.5 na zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2 ni la kupelekwa, bila kungoja asubuhi. Kwa mkubwa mwenye joto, apimwe malaria siku hiyo. Na kilio cha ghafla kikali kinachokuja na kuondoka, na damu kwenye choo, huenda ni utumbo uliojiingia. Huo ni wa upasuaji.

Anayekoroma kila usiku na kusimama kupumua sekunde kadhaa hahitaji mwongozo wa usingizi. Anahitaji daktari.

Mwisho, mikono yako. Ukihisi inatetemeka kwa hasira, au ukijikuta umemshika kwa nguvu, mlaze chali chini ya chandarua, toka nje dakika 5 hadi 10, mwite mtu. Kulia kwa dakika hizo hakumuumizi. Kutikiswa kunapasua mishipa ya ubongo kwa sekunde chache. Na mama ambaye kwa zaidi ya wiki 2 halali hata mtoto akilala, hali chakula, analia bila sababu au anawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, aambie mtu nyumbani leo, na aende na mtu huyo kituo cha afya asubuhi. Akiwa na mawazo ya kudhuru, asiachwe peke yake na mtoto usiku huo. Koko au dada alale chumbani humo.